Wanyama wa John Kilaka Wafika Salama

Kitabu cha kwanza cha John Kilaka nilichokishika mkononi kilikuwa cha Kijerumani. Nilikikuta Nairobi kwa muuza vitabu vya mitumba, juu ya gunia lililotandazwa kando ya njia, kimebanwa kati ya kamusi isiyo na jalada na vitabu vya hesabu vya mtaala wa zamani. Kijerumani sikijui hata salamu. Lakini jaladani walikuwapo panya na ndovu waliopakwa rangi kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma hatua moja na kukitazama kwa mbali, jinsi ninavyotazama bango langu nikishateremka ngazi. Nikalipa. Nikapanda matatu ya kurudi nyumbani Salama, na kabla hatujafika Malili nilikuwa nimemaliza hadithi yote.

Ndiyo, yote. Panya na Ndovu ni marafiki wakubwa. Panya ndiye ajuaye kuwasha moto, na wanyama wote humtegemea yeye ili wapike. Ukame unakuja. Panya ameweka akiba ya chakula, kwa kuwa ni mtu wa kujipanga. Ndovu anamshawishi akiba hiyo ihamie kwake kwenye usalama, kisha njaa inapobana anaikalia peke yake. Panya anaondoka kwa uchungu, na moto unaondoka naye. Hapo ndipo kijiji kizima kinapogundua kwamba mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa akiwapikia wote. Miezi mingi baadaye nilipata nakala ya Kiingereza iliyochapishwa Canada mwaka 2006, inaitwa True Friends. Nilipoisoma nikaona maneno yananithibitishia tu yale ambayo picha zilikuwa zimekwisha kuniambia ndani ya matatu.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kazi yangu iko hapa Salama, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, chini ya milima ya Kilungu, mahali ambapo malori husimama usiku na mchana ili madereva wale, wanywe chai na waangalie matairi. Nimechora kichwa cha ng'ombe na cha mbuzi kwenye bucha nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimechora wanaume wenye panki kwenye vibanda vya vinyozi, akina mama wenye rasta kwenye saluni, kikombe cha chai kinachofuka mvuke na chapati mbili pembeni. Sikusomea sanaa chuoni. Nilifundishwa na fundi aliyenipa msasa kwanza na brashi baadaye sana. Ninapomsifu Kilaka, basi, namsifu kama fundi anavyomsifu fundi mwenzake aliyemzidi, na sifa hiyo ni nzito, kwa sababu mafundi hatusifiani ovyo.

Kilaka alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, kusini magharibi mwa Tanzania, kwa wazazi wakulima. Alikulia palipo na hadithi, na akiwa kijana akaenda Dar es Salaam kujiunga na wachoraji wa mtindo wa Tingatinga. Wenzake wengi walichora picha za kuuzia watalii: twiga wawili, pundamilia watatu, jua linazama. Kilaka alifanya jambo la ziada. Alirudi vijijini, akakaa na wazee, akasikiliza hadithi zao, akaziandika na kuzichora ziwe vitabu vya watoto. Cha kwanza, kile cha samaki wabichi, kilitoka kwa Kijerumani mwaka 2001, na tafsiri ya Kiingereza, Fresh Fish, ikafuata mwaka 2005. Kikaja cha Panya na Ndovu. Mwaka 2009 kikatoka kwa Kiingereza kile kinachoitwa The Amazing Tree, cha mti wa ajabu. Mtunzi ni yeye na mchoraji ni yeye, na ukivitazama unaona wazi kwamba maneno na picha vimetoka katika kichwa kimoja.

Ili msomaji aelewe vizuri kinachonivutia, sina budi kusema habari za rangi.

Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu umebeba jina lake, alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam, akafanya vibarua na kazi za nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora. Turubai hakuwa nayo, wala zile rangi za wasanii zinazouzwa kwenye vikopo vidogo vya bei kubwa. Alichukua vipande vya bodi ya dari, vya mraba, vya sentimita 60 hivi kila upande, akanunua rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, akachora mnyama mmoja mkubwa katikati. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, mkewe akisaidia kuuza. Hakudumu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi na kumwua, wakidhani gari alilokuwamo ni la majambazi. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa ya miaka michache tu. Ndugu, jamaa na vijana aliowafundisha ndio walioshika brashi zake, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao ambao jina lake leo linajulikana duniani kote.

Sasa, rangi ya mafuta ya kopo ina tabia zake, nami naijua kwa sababu ndiyo inayoninunulia unga. Inang'aa. Inashika popote: ukutani, kwenye bati, kwenye bodi. Lakini hukauka polepole, na ukiharakisha kuweka rangi ya pili juu ya ile ambayo haijakauka, zote mbili zinakuwa tope. Ukizidisha tapentaini inateremka ukutani na kukuharibia jina la mteja. Huwezi kuibembeleza iwe ukungu na kivuli cha mbali kama wanavyofanya wachoraji wa rangi za maji. Inakulazimisha uamue: hapa ni buluu, hapa ni nyekundu, na mpaka kati yao uwe mkali. Unapaka usuli kwanza, unaacha ukauke, unapaka umbo la mnyama, unaacha likauke, ndipo unapoingia na ncha ya brashi kuweka madoa, mistari, manyoya, macho. Mtindo wa Tingatinga, pamoja na madoa yake yote yanayopendwa na wageni, umezaliwa na kopo la rangi la bei nafuu na subira ya mtu asiye na kopo lingine.

Kilaka alichukua adabu hiyo ya kopo akaiingiza kitabuni. Kila mnyama ana umbo linalosomeka mara moja. Usuli hauna vurugu. Rangi ni nzito na zimeamua. Bango la barabarani lina sheria moja kuu: dereva anayepita kwa kasi, labda asiyejua kusoma Kiswahili wala Kiingereza, lazima ajue kwa kutupa jicho kwamba hapa panauzwa nyama. Kitabu cha mtoto mdogo kina sheria hiyohiyo. Msomaji wake bado hajui herufi, na hana subira na mchoraji anayejificha. Kilaka hajifichi. Uso wa Panya ukiwa na uchungu, mtoto wa miaka minne anauona uchungu huo. Nimewajaribu watoto wengi kwa kitabu kile cha Kijerumani, na wote wamenisimulia kisa bila kukosea pakubwa.

Halafu kuna nguo. Wanyama wa Kilaka husimama kwa miguu miwili na kuvaa mavazi ya watu wa kwetu, ya rangi na maua, kama watu wanaokwenda sokoni. Katika kile cha samaki, Sokwe amevua samaki na anataka kuwapeleka sokoni, na Mbwa mlafi anawanyemelea njiani. Kesi yake wanyama wanaisikiliza kama baraza la kijiji linavyosikiliza kesi ya mwizi wa kuku, na adhabu anayopewa ni kupanda miti. Hapo nilicheka kwa furaha peke yangu kibandani. Mzee aliyetunga hukumu hiyo, kama si Kilaka mwenyewe, alijua haki ni kitu gani: mkosaji anaumwa mgongo, na kijiji kinapata kivuli.

Watu wa Ukambani tuna sababu yetu ya kusikia ukaribu na jambo hili. Uchongaji wa vinyago ambao Wakamba wanasifiwa kwao ulianzia Wamunyu, kwa Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa huko, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Kijiji kizima kikashika tezo, na baadaye vinyago vyetu vikafika Mombasa, Nairobi na nchi za mbali. Kwa hiyo si mara ya kwanza mkono wa Tanzania kuufundisha mkono wa Kikamba. Uchoraji wa Tingatinga nao ulivuka mpaka zamani. Simon Mpata, jamaa yake Tingatinga na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, alihamia Kenya akachorea huku, na ile hoteli iliyoko juu ya kingo za Maasai Mara, Mpata Safari Club, imebeba jina lake. Na kuanzia mwaka 2010 watoto wa Uingereza walitazama katika televisheni katuni za Tingatinga Tales, ambazo zilitengenezwa papa hapa Nairobi na vijana wa Kenya, muziki ukiwa wa Eric Wainaina. Nasikitika kwamba watoto wengi wa Uingereza waliwajua wanyama wale kuliko watoto wa Salama.

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye kuta za shule za chekechea.

Pita barabara hii yetu kutoka Malili hadi Sultan Hamud, uingie vijijini kulia na kushoto, uhesabu chekechea zilizochorwa Mickey Mouse, Donald Duck na binti mfalme mwenye nywele za dhahabu. Nyingine nimezichora mimi mwenyewe, nikalipwa, nikashukuru. Wateja wanaamini picha hizo ndizo alama ya shule bora. Sina ugomvi na panya wa Marekani. Aliyemchora alikuwa fundi. Lakini mtoto anayekaa mbele ya ukuta ule kila siku kwa miaka miwili, mitatu, anajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba hadithi hutokea kwingine, kwa watu wengine, na kwamba mbuzi wa nyumbani kwao, bodaboda ya baba yake na sufuria ya susu yake, yaani nyanya yake, si vitu vya kuchorwa.

Baada ya kukaa na vitabu vya Kilaka niliamua kusema. Mwenye chekechea mmoja aliniita nichore ukuta, akanionyesha picha ya Mickey Mouse kwenye simu.

"Madam," nikamwambia, "nipe ukuta mmoja nichore wanyama wa huku."

"Fundi, wazazi watasema shule yangu ni ya kishamba."

"Basi huo mmoja rangi ni yangu. Usipoupenda nitaufuta nikuchoree huyo panya."

Akakubali, nadhani kwa sababu ya rangi ya bure.

Sikunakili picha za Kilaka. Zile ni mali yake, na fundi haibi bango la fundi. Nilichukua mwenendo wake. Nilitafuta hadithi ambayo kila susu wa hapa anaijua, ile ya fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili. Nikamvika fisi ovaroli la fundi wa magari, lenye madoa ya grisi. Nikamsimamisha katikati ya barabara ya lami, huku na huku moshi wa nyama choma unapanda, nyuma yake lori limesimama na milima ya Kilungu imekaa kwa mbali. Mguu mmoja unaenda kulia, mwingine kushoto. Nguo ya mbuzi mpishi niliifanya ya maua, na maua hayo yalinichukua muda mrefu kuliko lori.

Siku watoto walipoingia walinyamaza kwanza. Kisha mmoja akauliza, "Uncle, huyo fisi ni wa garage ya nani?" Wakaanza kubishana. Mmoja alisema hoteli ya kulia ni ya mama yake. Mwingine akasema hapana, ile ya mama yako ina mlango wa kijani. Wakaja karibu, wakagusa lori. Nilichora kuta nyingi za Mickey Mouse na sijawahi kuona mtoto akibishana na mwenzake juu ya nyumba ya Mickey iko wapi. Madam alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akaniuliza ukuta wa pili ungekuwa na nini.

Tangu hapo huenda pale mara kwa mara na kitabu cha Kilaka, nawasimulia watoto kwa Kiswahili kile ambacho kitabu kinasema kwa Kiingereza. Wanachokipenda zaidi ni kile cha mti wa ajabu. Kuna ukame mkubwa, wanyama hawana chakula, na mti mmoja tu umejaa matunda mabivu yasiyoanguka hata ukiutikisa. Kobe mwenye hekima ndiye ajuaye siri: matunda yataanguka ukiutaja mti kwa jina lake. Wakubwa wanasema wao ndio wanaofaa kutumwa kwenda kumwuliza. Wanakwenda, wanaambiwa jina, na njiani wakirudi wanalisahau. Sungura, ambaye tangu mwanzo alijitolea akaambiwa ni mdogo mno, ndiye anayelileta jina hadi mwisho wa safari. Jina lenyewe silitaji hapa. Mtoto wa msomaji astahili kulipata kitabuni.

Hadithi ya namna hii husimuliwa kwa sura nyingi katika Afrika, na ndiyo maana inatulia kwa urahisi darasani Salama. Watoto wa hapa hawahitaji kuelezwa ukame. Wanajua mto usio na maji, wanajua foleni ya mitungi kwenye bomba. Nilipofika pale wanyama wanapokaa na njaa, mtoto mmoja alisema, "Kwani hawawezi kununua chakula Kilungu?" Kwa sababu ndiko chakula kinakotoka akilini mwake: kule juu milimani kwenye ubaridi na mvua, ambako mama yake hununua mboga na maparachichi ya kuja kuuza barabarani. Mwalimu wake, anayetoka Kilungu, alijibu kwamba hata huko kuna miaka hakikupatikana. Akawasimulia njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo wazee wanaiita Nikw'a Ngwete, ninakufa na pesa mkononi, maana hata mwenye pesa hakuona cha kununua. Darasa lilitulia. Mti wa Kilaka ulikuwa umewafungulia susu zao mdomo.

Nasema haya nikiwa nimekaa katika nchi ambayo haina uhaba wa waandishi wala wachoraji. David Maillu alizaliwa hapo juu Kilungu mwaka 1939. Watu wazima wanamkumbuka kwa My Dear Bottle na After 4.30, vitabu vilivyouzwa kama njugu miaka ya 1970 na kupigwa marufuku Tanzania. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1972, kabla ya chupa na kabla ya saa kumi na nusu, alitoa kitabu cha hadithi za watoto, Kisalu and His Fruit Garden. Kijana wa Makueni, kaunti yetu ya maembe na machungwa, asiyejua kwamba mwandishi wa kwao alianza na bustani ya matunda, amenyimwa kitu chake. Upande wa Kitui, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na ambaye dunia inamjua kwa theolojia, alikusanya hadithi za Wakamba kwa mamia akachapisha sehemu yake mwaka 1966 katika Akamba Stories. Alifariki mwaka 2019. Mchoraji Ancent Soi, mzaliwa wa Kitui aliyejifundisha mwenyewe, picha yake ilichaguliwa kwa mabango ya Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Hadithi tunazo, na mikono ya kuchora tunayo. Kinachokosekana ni vitabu vyenyewe, vya rangi, vyenye kurasa ambazo mtoto wa chekechea anaweza kuzifungua mwenyewe.

Sababu kubwa ni gharama. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32 hivi, na kila ukurasa una rangi. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne, na karatasi lazima iwe nzito ili picha ya upande wa pili isionekane. Kitabu cha kiada kinaweza kuchorwa kwa mistari myeusi ndani na rangi jaladani, kwa sababu mchapishaji anajua serikali au mzazi atakinunua hata kikiwa na sura ya huzuni. Kitabu cha hadithi hakina uhakika huo. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliongeza asilimia 16 juu ya bei ya vitabu hapa Kenya, na mzazi anayepima kati ya kitabu na kilo mbili za maharagwe hahitaji asilimia nyingine yoyote ya kumsaidia kuamua. Ndiyo maana vitabu vya Kilaka vilitokea kwanza Uswisi, kwa Kijerumani, kisha Amerika, kwa Kiingereza, na mimi msemaji wa Kiswahili wa barabara ya Mombasa nikakipata kimoja juu ya gunia la mitumba. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam atakayeviuza kwa Kiswahili, kwa bei ya mtu wa Salama, atakuwa ametufanyia jambo kubwa, na namwomba hadharani afanye hivyo.

Watu huniuliza kama mtindo wa Tingatinga si kitu cha watalii. Ni kweli unauziwa watalii sana, na zipo picha nyingi zilizochorwa kwa haraka, twiga yuleyule mara mia. Kilaka ndiye jibu langu kwao. Aliutoa mtindo huo dukani kwa wageni akaurudisha kwa mtu ambaye hadithi ni zake. Hakuacha chochote cha ufundi wa Tingatinga: mpaka mkali, rangi iliyoamua, madoa yaliyowekwa moja moja. Alichoongeza ni kisa, na kisa kina watu wanaofanyiana ubaya na kusameheana, wanaopuuza wadogo na kuaibishwa. Kwangu mimi, kati ya wote waliopita chini ya jina la Tingatinga, yeye ndiye aliyewatendea watoto haki kubwa zaidi.

Kwa hiyo nina maombi. Wenye chekechea, kabla hamjanionyesha picha kwenye simu, niachieni ukuta mmoja. Wazazi, muulizeni nyanya hadithi moja, mtoto akiwa amekaa hapo, halafu mpeni mtoto penseli achore alichosikia, msimsahihishe rangi. Mafundi wenzangu wa mabango, kuanzia Machakos hadi Mtito Andei, tunajua tayari kazi hii. Kopo lile lile la Tingatinga liko mikononi mwetu. Na mwalimu yeyote anayetaka kuwasomea watoto habari za Sokwe, Panya na ule mti, vitabu vyangu vya Kilaka viko kibandani kwangu Salama, kwenye rafu juu ya makopo ya rangi. Aje aviazime, mradi avirudishe.